Silinda ya 503 Juu ya Kasha la 447: Pima Kabla ya Kukereza

Silinda ya modeli nyingine ikikaa vizuri kwenye bolti za injini yako, usishangilie bado. Hapo umejua jambo moja tu: kwamba kiwanda kilitumia kiolezo kilekile kutoboa matundu ya bolti. Kama pistoni itafika juu inapotakiwa, kama ringi zitapita salama, kama mafuta yatatosha, hayo yote bado hujayajua, na hutayajua kwa kusoma maandishi ya modeli ubavuni.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi kwenye theluji, iwe Maine, Minnesota, Manitoba au Québec, una pikipiki ya theluji ya zamani yenye injini ya mapigo mawili, spea zake zimeadimika, na mtu anayechinja mashine kuukuu anakuuzia silinda na pistoni za modeli kubwa kidogo. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria wanaijua injini hii kwa sura nyingine: ni ndugu wa Yamaha Enduro zinazosukuma mitumbwi ya dagaa. Haina vali wala kemshafti. Oili huungua pamoja na petroli, na pistoni ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda. Fundi wa mashine za boti ana nusu ya elimu tayari. Nusu iliyobaki ni ya baridi. Injini ikifa kilomita 20 kutoka barabarani, kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, aliyeifunga vibaya anaweza kupoteza vidole vya miguu au uhai. Ndiyo maana nasisitiza kupima kuliko kukata.

Nichukue mfano mmoja ili tusizungumze hewani. Pikipiki za Ski-Doo, zinazoundwa Valcourt, Québec, tangu 1959, zimekuwa zikitumia injini za Rotax kutoka Gunskirchen, Austria. Miongoni mwa injini hizo kuna ukoo wa ndugu watatu wanaopozwa kwa feni: 377, 447 na 503. Kila moja ina silinda mbili, na kila moja pistoni yake husafiri milimita 61 kutoka chini hadi juu. Kinachotofautiana ni kipenyo cha silinda: milimita 62, 67.5 na 72. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 368.3, 436.5 na 496.7. Injini hizihizi zimefungwa pia kwenye ndege ndogo nyepesi, kwa hiyo vipimo vyake vinajulikana vizuri na vitabu vyake vya ufundi bado vinapatikana. Anza na kitabu hicho. Ukipata vitabu vya modeli zote mbili, umeokoa pesa nyingi.

Kwa nini nimeanza na mwendo wa pistoni? Kwa sababu ndio unaoamua kama mazungumzo yaendelee. Mwendo ukiwa mmoja, na urefu wa konrodi ukiwa mmoja, basi kila pembe ya kranki inaipeleka pistoni kimo kilekile, na matundu ya silinda ngeni yatafunguka karibu na pale yalipokusudiwa. Mwendo ukitofautiana hata milimita tatu, kila kitu kinahama: pistoni itagonga hedi au haitaifikia, tundu la ekzosi litafunguka mapema au litachelewa. Upime mwenyewe. Fungua hedi, shusha pistoni hadi mwisho, pima kina kutoka mdomo wa silinda kwa vernia, kisha ipandishe na upime tena. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mwendo. Ukikuta mwendo haulingani kati ya injini yako na ile inayochinjwa, ushauri wangu ni kuiacha silinda hiyo na kutafuta injini nzima.

Mwendo ukilingana, hamia kwenye pistoni. Pima pini yake kwa maikromita, kisha tundu la juu la konrodi yako pamoja na beringi yake ya sindano. Pini ya modeli kubwa mara nyingi huwa nene zaidi. Kuna watu wanaotafuta beringi ya kipimo cha ajabu ili kuoanisha pini nene na konrodi nyembamba, na wakati mwingine inapatikana na inafanya kazi. Kubandika bushi ya kienyeji kwenye konrodi sikubaliani nako hata kidogo. Sehemu hiyo inabeba kila mlipuko wa injini, zaidi ya mara mia kwa sekunde ukiwa umeibana gesi.

Kisha pima umbali kutoka katikati ya tundu la pini hadi kichwani mwa pistoni. Huu ndio unaoamua pistoni itafika wapi juu. Pima pia urefu wa sketi, yaani kutoka tundu la pini kwenda chini, maana katika ukoo huu wa Rotax ukingo wa chini wa sketi ndio unaofungua njia ya mafuta kutoka kwenye kabureta. Sketi ikiwa ndefu zaidi, njia inachelewa kufunguka na inawahi kufungwa; injini itavuta kidogo na itachoka kwenye mizunguko ya juu. Ikiwa fupi, mchanganyiko utatapikwa kurudi kwenye kabureta ukiwa kwenye mwendo mdogo. Kipimo kimoja cha sketi kinaweza kufuta faida yote ya kipenyo kikubwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau, na ambalo limevunja injini nyingi. Shika pistoni ngeni mkononi uitazame ndani ya mfereji wa ringi. Utaona kipini kidogo cha chuma, chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimepandwa katikati ya mfereji. Kazi yake ni kuizuia ringi isizunguke. Kwenye injini ya mapigo manne ringi inaweza kuzunguka itakavyo kwa sababu ukuta wa silinda hauna tundu. Hapa ukuta umejaa matundu. Ncha ya ringi ikipita mbele ya tundu inachungulia nje, inanasa kwenye ukingo, inakatika, na vipande vinaingia kati ya pistoni na ukuta. Kiwanda kimekiweka kipini mahali ambapo ncha zitapita kwenye ukuta mzima, lakini ni ukuta mzima wa silinda iliyokusudiwa. Ukinunua silinda kwa mtu mmoja na pistoni kwa mwingine, hakuna aliyekuhakikishia hilo.

Jinsi ya kukagua ni rahisi. Kwa kalamu ya wino chora mstari kutoka kwenye kipini kushuka hadi mwisho wa sketi. Ingiza pistoni bila ringi ndani ya silinda, mshale wa kichwani ukielekea ekzosi, halafu ipandishe na kuishusha polepole huku ukimulika tochi kwenye kila tundu, moja baada ya jingine. Ukiuona mstari wa wino ndani ya tundu lolote, pistoni hiyo haifai kwa silinda hiyo. Rudia kwa kila kipini, maana ringi ya juu na ya chini zina vipini mahali tofauti. Kazi nzima haizidi dakika 10.

Ukimaliza hapo, ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, na pima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji. Kwa kipenyo cha milimita 72 usikubali mwanya chini ya milimita 0.2. Ringi inatanuka kwa joto, na ncha zikikutana zitaikwaruza silinda yote.

Sasa tuje kwenye kasha la kranki. Silinda hizi zina slivu ya chuma ambayo sehemu yake ya chini inazama ndani ya mdomo wa kasha. Kipenyo kikipanda kutoka 67.5 hadi 72, na ukuta wa slivu ukiwa na unene uleule, slivu imenenepa kwa milimita 4.5. Mdomo wa kasha la mashine ndogo unaweza usiipokee. Pima nje ya slivu, pima ndani ya mdomo, na usidanganywe na silinda iliyoingia kwa kugongwagongwa; slivu inatakiwa ishuke kwa uzito wake, pasipo kubanwa popote.

Isiposhuka, kuna kukereza. Hapo ndipo watu wanapochukua tupa au grainda na kuanza kula chuma huku kranki ikiwa ndani, wameziba kwa matambara. Usifanye hivyo. Vumbi la aluminiamu litaingia kwenye beringi, na beringi za kranki ya mapigo mawili hazina oili ya kuzisafisha kama injini ya gari. Zinategemea ukungu wa oili tu. Kasha livuliwe kabisa: kranki itoke, sili zitoke, liende tupu kwa fundi wa mashine ya kukereza ambaye ataliweka katikati kwa geji ya saa. Kabla hujampelekea, pima nyama itakayobaki kati ya mdomo mpya na tundu la kila bolti, na kati ya midomo miwili yenyewe. Mimi husimamia milimita 4. Ikipungua hapo, gasketi haina pa kukalia na kasha litapasuka siku moja. Likirudi, lioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, lipulize, na uweke sili mpya pande zote mbili hata kama za zamani zinaonekana nzima.

Kabla ya kufunga moja kwa moja, weka silinda na gasketi ya chini bila hedi, na uangalie kama njia za kupitisha mchanganyiko zilizo kwenye kasha zinaoana na zile za silinda. Tofauti ya milimita moja inaweza kusawazishwa. Tofauti kubwa inamaanisha gasketi ya silinda mpya haitaziba vizuri upande huo.

Halafu nafasi ya juu. Chukua vipande viwili vya waya wa kulehemu wa risasi wenye unene wa milimita 2, vibandike kwa grisi juu ya pistoni, kimoja kila upande, sambamba na pini. Usiviweke upande wa ekzosi au wa kabureta, maana pistoni itayumba na kipimo kitakudanganya. Funga hedi kwa toki iliyoandikwa kitabuni, zungusha kranki kwa mkono ipite juu mara moja, fungua, na upime waya palipopondeka. Namba hiyo ndiyo nafasi halisi kati ya pistoni na hedi. Chini ya milimita moja ni kucheza na moto: konrodi hurefuka kidogo kwenye mizunguko ya juu na pistoni itaugusa ukingo wa hedi. Kwa mashine ya kusafiria msituni mimi hutaka milimita 1.3 au zaidi kidogo. Hedi iwe ya silinda hiyohiyo. Hedi ya 447 juu ya silinda ya 72 inaacha ukingo ndani ya chumba cha mlipuko, na ukingo huo utapata moto hadi uwashe mafuta kabla ya plagi.

Wengi wakikuta nafasi ni ndogo huongeza gasketi ya chini. Inasaidia, ila kumbuka umeinua silinda nzima pamoja na matundu yake, kwa hiyo ekzosi inafunguka mapema zaidi. Milimita 0.3 haitakusumbua. Milimita moja nzima itaibadilisha tabia ya injini, na itabidi utafute sahani ya nyuzi uhesabu upya matundu yanafunguka wapi.

Upande wa umeme ni mfupi. Usibadilishe flaiwili ila kama umehakikisha mchongoko wa kranki na kijifunguo chake vinalingana na flaiwili ya pili. Flaiwili, koili na kisanduku cha cheche vitoke kwenye mashine moja. Taimingi ikaguliwe kwa geji ya saa kupitia tundu la plagi, kwa milimita zilizoandikwa kitabuni kabla pistoni haijafika juu. Vifuniko vya kuelekeza upepo wa feni navyo vichukuliwe kutoka kwenye mashine iliyotoa silinda. Silinda iliyopanuka huku upepo ukipita pembeni yake itapika pistoni hata jeti zikiwa sahihi.

Kabla ya kuwasha, jaribu uvujaji wa hewa. Sijaona hatua inayorukwa na watu wengi kama hii. Ziba ekzosi na njia za kabureta kwa raba na vibao, ziba mpira mdogo unaoendesha pampu ya mafuta, kisha jaza hewa kwa pampu ya mkono hadi psi 6. Usizidishe, sili zitatoka. Ikishuka zaidi ya psi moja kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye maungio na sili, na mapovu yatakuonyesha. Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma inaukausha mchanganyiko kwenye silinda moja tu, na silinda hiyo ndiyo itakayotoboka.

Na hapo tunaingia kwenye mafuta. Injini ya 496.7 inavuta hewa karibu asilimia 14 zaidi ya ile ya 436.5. Juu ya hilo, hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi sifuri. Ukilinganisha na Dar es Salaam mchana wa nyuzi 30, ni nzito kwa karibu robo. Kabureta haijui hilo. Jeti iliyotosha asubuhi ya Novemba itaacha mchanganyiko mkavu usiku wa Januari, na mchanganyiko mkavu una joto kali linaloyeyusha kichwa cha pistoni. Anza na jeti kuu za modeli iliyotoa silinda, kisha panda saizi mbili juu yake. Moshi utakuwa mwingi na injini itakohoa kidogo, vumilia. Endesha gesi ikiwa wazi kabisa kwa umbali mfupi kwenye uwanda, zima injini papohapo bila kuachia gesi kwanza, toa plagi uzitazame. Nyeusi iliyolowa ni nzito mno, shuka saizi moja. Kahawia ni pazuri. Nyeupe, rudi juu mara moja. Silinda zote mbili zifanane.

Oili usiibanie mwanzoni. Hata kama mashine ina pampu ya oili, tangi la kwanza changanya petroli kwa oili 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa kila lita, juu ya ile inayoletwa na pampu. Ukiona kiwango cha oili kwenye kopo lake kinashuka, pampu inafanya kazi, na tangi la pili unaweza kurudi kwenye kawaida.

Klachi nayo ina lake. Mashine hizi hazina gia za kubadilisha; klachi mbili na mkanda hujirekebisha zenyewe kwa vizito na springi vilivyopangwa kwa nguvu za injini ya awali. Injini za ukoo huu hutoa nguvu zake kuu karibu na mizunguko 6,500 hadi 7,000 kwa dakika. Ukifungua gesi yote na geji ikapita hapo kwa mbali, vizito ni vyepesi kwa nguvu mpya. Ikiishia chini, ni vizito mno. Kamwe usiiwashe mashine bila kifuniko cha klachi. Mkanda au kizito kikiruka kwa mizunguko hiyo hakitachagua cha kupiga.

Swali la sheria linajibika upesi. Marekani iliweka kanuni za moshi kwa pikipiki za theluji kuanzia modeli za 2006, na injini yenye kibali hicho haitakiwi kuchezewa kwa namna inayoongeza moshi. Mashine za ukoo huu za zamani ziko nje ya hapo, lakini usichukue mbinu hizi ukazipeleka kwenye mashine ya karibuni.

Siku ya kuwasha, iinue nyuma kwa stendi imara, mtu yeyote asisimame nyuma ya mnyororo wa mpira, maana hurusha barafu na vyuma. Iache ipate moto, izime, ipoe kabisa, mara tatu, halafu kaza upya nati za hedi ikiwa baridi. Pistoni hutanuka upesi kuliko silinda. Ukiibana gesi ikiwa bado ya baridi, itanasa. Safari za mwanzo zizunguke mahali ambapo unaweza kurudi nyumbani kwa miguu, ukiwa na plagi za akiba, spana yake, mkanda wa akiba, viatu vya kutembelea thelujini, na mtu nyumbani anayejua umeelekea njia gani.

Pengine umepima ukakuta pini haioani, mdomo wa kasha hautoshi na konrodi ni ndefu zaidi. Basi usiendelee kulazimisha. Nunua injini nzima ya 503 na uelekeze akili kwenye vishikizo vyake na umbali kati ya klachi mbili. Ni kazi ya wikendi, na kila kipande kitakuwa na mwenzake.

Baada ya kilomita 100 fungua ekzosi, mulika tochi kwenye tundu lake na utazame sketi za pistoni. Mikwaruzo ya wima upande huo ni ishara ya joto au oili kidogo, na bado kuna muda wa kurekebisha. Kisha andika kila kitu kwenye karatasi, uifunge kwenye nailoni na kuibandika chini ya boneti: silinda imetoka modeli gani na mwaka gani, pistoni na ringi za kuagiza, unene wa gasketi ya chini, namba za jeti na nyuzi za baridi ulizozijaribia, vizito vya klachi. Atakayeinunua mashine hiyo kwako ataona maandishi ya 447 kwenye kasha, naye anahitaji kujua kwamba pistoni anayopaswa kuagiza ni ya 503.